Intaneti Ikikwama Lamu, Anza na Waya wa Ndani ya Nyumba

Malalamiko ya intaneti yanayoletwa kwenye dawati letu hapa Amu huongezeka kila msimu wa wageni unapokaribia, na safari hii yameanza mapema. Wenye nyumba za wageni wa Mkomani na Shela, wenye saiba wa Langoni, walimu, wauguzi wa zahanati: karibu wote huja na hukumu tayari, kwamba kampuni inawaibia. Iko siku huwa kweli. Lakini mara nyingi tukienda kukagua tunakuta intaneti imefika mlangoni salama, ikapotelea ndani. Sehemu hiyo ya ndani, kuanzia kwenye ruta hadi kwenye simu ya mgeni aliyeketi darini, juu kabisa ya nyumba, iko mikononi mwa mwenye nyumba, na yeye ndiye wa kwanza kupaswa kuikagua.

Yapo matatizo ambayo Lamu nzima haina la kufanya. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zinazopita chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hizo ni za kusubiri. Ruta mpya haitibu waya uliokatika baharini. Kwa siku za kawaida kipimo ni hiki: chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, zima waifai ya kompyuta hiyo, watoe wengine wote mtandaoni, halafu pima kasi. Ikiwa kwa kebo unapata ulicholipia na kwa waifai unapata robo yake, kampuni haina kosa. Na tafadhali, kifurushi huuzwa kwa megabiti, ilhali kompyuta ikipakua faili huonyesha megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti nane. Anayelipia megabiti 20 akaona faili likishuka kwa megabaiti 2.5 kila sekunde amepewa haki yake yote.

Kama kwa kebo pia hakuna kitu, fungua dirisha la amri kwenye kompyuta uandike ping 192.168.1.1, au anwani yoyote iliyobandikwa chini ya ruta yako; ping ni amri ya kukiita kifaa uone kama kitajibu. Isipojibu, tatizo liko kati yako na ruta. Ikijibu, andika ping 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje huko mtandaoni. Hapo ikinyamaza, tatizo limevuka ruta na huo ndio wakati wa kupigia kampuni simu. Ikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina yake, ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani: ingia kwenye mipangilio ya ruta uweke 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Na ukiona kompyuta yako imejipa anwani inayoanza na 169.254, ujue haikupewa anwani na yeyote; imejibunia. Kagua kebo, kisha zima ruta na uiwashe.

Sasa kuta. Nyumba za kale za hapa zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na ukuta wake unaweza kufika unene wa nusu mita. Mawimbi ya waifai ya gigahazi 2.4 hupenya ukuta huo kwa taabu. Yale ya gigahazi 5 hupenya kwa taabu zaidi. Pamoja na hayo, mahali tunapoikuta ruta mara nyingi ni ndani ya kidaka, yaani shimo la kuwekea vitu lililochongwa ukutani, katika chumba cha ndani kabisa, kwa sababu inapendeza pale na watoto hawaifikii. Kidaka kimezibwa na ukuta pande tano. Unaifungia ruta halafu unauliza kwa nini haisikiki msana wa yuu, yaani chumba cha juu. Itoe, uitundike mahali palipo wazi kuelekea kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kwa kuwa vyumba vingi vya nyumba hizi hufungukia huko na mawimbi hupita hewani bila kugombana na jiwe. Ghorofa ya pili na dari chini ya makuti zipewe kifaa chao cha waifai kilichounganishwa kwa kebo. Vile vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye soketi ili virudie mawimbi havifai sana humu: kikiwekwa mahali ambapo mawimbi ni hafifu, kitarudia uhafifu huo huo.

Hili tumelieleza mara nyingi na tunalieleza tena: ile «5G» inayoonekana mwishoni mwa jina la waifai yako si 5G ya simu. Ni masafa ya gigahazi 5. Hayatoki kwenye mnara, hayakuongezewi kifurushi, na hakuna wa kumlipia. Ukiwa chumba kimoja na ruta yatumie, yana kasi. Ukiwa mbali rudi kwenye 2.4. Katika 2.4 ingia kwenye mipangilio ya ruta uchague chaneli, yaani njia ya mawimbi, 1, 6 au 11 pekee, maana hizo tatu haziingiliani, na katika vichochoro vyetu ruta za majirani zimekaribiana mno kiasi kwamba kuiacha iliyokuja nayo kutoka dukani ni kujitafutia msongamano.

Tukija kwenye kebo, hapa ndipo kazi nyingi inapoharibikia. Ndani ya kebo mna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili. Mafundi kadhaa wa mitaani wanaamini rangi zipangwe vyovyote, ilimradi ncha mbili zifanane. Si kweli. Mpangilio ni nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijani ametengwa na mwenzake makusudi, kwa kuwa kifaa husoma nafasi ya 3 na ya 6 kama jozi moja. Ukipanga kwa mazoea, nafasi hizo mbili zitakaliwa na nyuzi ambazo hazikusokotwa pamoja, na zitaingiliwa na kelele za jirani zake. Kwa mita tatu utaona kazi inakwenda. Kwa mita arubaini, mtandao utaanguka na kuinuka siku nzima na hutajua kwa nini.

Dalili nyingine ya kukumbuka: kifurushi chako kinazidi megabiti 100 lakini kwa kebo huvuki kama 94 hata ufanyeje. Hapo huenda uzi mmoja wa kebo umekufa, na vifaa vimeshuka kwenye mwendo wa 100 unaotosheka na nyuzi nne. Kabla ya kulaumu kebo, hakikisha ruta na swichi yako, kile kisanduku cha kugawia kebo, ni za gigabiti, yaani za megabiti 1000. Zisipokuwa, hazitavuka hapo kamwe. Ikiwa ni za gigabiti, kata kichwa cha kebo, kile cha plastiki kinachochomekwa, ufunge kingine, kisha upime.

Kuhusu ununuzi, beba kisu dukani. Kwangua uzi mmoja: ukiwa mwekundu hadi ndani ni shaba, ukitoa weupe ni alumini iliyopakwa shaba, na hiyo hukatika upesi na haifai kupeleka umeme kwa kifaa cha darini kupitia kebo. Kebo ya kupita nje iwe ile nyeusi ya nje. Ile ya kijivu ya ndani hupasuka kwa jua, na chumvi ya kusi huingia ikala vichwa mpaka viote ukoko wa kijani. Inapoingia ukutani iache ining'inie kidogo chini ya tundu, maji ya mvua yadondokee nje. Isizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Na isipitishwe kichochoroni kimo cha mzigo wa punda, maana mzigo mmoja wa boriti unatosha kuing'oa kebo pamoja na ruta yake.

Kabla ya kutoboa ukuta wa nje au kusimamisha mlingoti juu ya dari ndani ya Mji Mkongwe, pitia kwanza ofisi ya uhifadhi. Mji huu umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na tundu lililotobolewa kwenye mlango wa nakshi halizibiki.

Kosa linalotuchosha kuliko yote ni la ruta ya pili. Mwenye nyumba huona ghorofani hapashiki, hununua ruta nyingine, huichomeka kwenye ya kwanza, na jioni wageni wote wamekatika. Kilichotokea ni kwamba ruta zote mbili zinajiita 192.168.1.1 na zote zinagawa anwani. Simu hii imepewa na ya kwanza, ile imepewa na ya pili, mbili zimepewa anwani moja. Tiba ni ya dakika kumi. Ruta ya pili iunganishe peke yake na kompyuta, ibadilishe anwani yake iwe 192.168.1.2, zima ugawaji wa anwani, yaani DHCP, kisha ilete na uichomeke kwa tundu lake la kawaida, si lile lililotengwa kwa intaneti. Sasa ni kifaa cha waifai tu. Angalia pia kwamba hakuna kebo ambayo ncha zake zote mbili zimeingia kwenye swichi moja. Hiyo peke yake inaweza kulaza mtandao wa jengo zima.

Yapo ya kisheria, na hapa tunaomba umakini. Kuvuta kebo hadi kwa majirani na kuwatoza kila mwezi ni kuuza huduma ya mawasiliano. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 inataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na asiyenayo anakabiliwa na faini, kifungo, au vyote viwili. Kwa upande wa pili, anayevunja nenosiri la waifai ya jirani huku akijua hana ruhusa anaingia kwenye kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Waifai ya mtu si maji ya mvua, kila mwenye ndoo akinge.

Nyumba za wageni zina jukumu la ziada. Picha za pasipoti mnazohifadhi kwenye kompyuta ya mapokezi ni data binafsi. Biashara ndogo nyingi zimesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Kulinda Data, lakini sekta ya hoteli haimo katika msamaha huo, hata uwe na vyumba vitatu. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Kwa hiyo wape wageni waifai yao iliyotengwa, ambayo ruta nyingi za sasa zinayo, na nenosiri la kuingilia mipangilio ya ruta lisibaki «admin».

Ukishapima kwa kebo na kosa likabaki kwa kampuni, lalamika kwa kampuni kwanza. Mamlaka ya Mawasiliano inataka uwe umeanzia huko. Omba nambari ya lalamiko na uiandike pamoja na tarehe, saa na jina la aliyekupokea. Pima asubuhi, adhuhuri na usiku kwa siku kadhaa, upige picha kila kipimo kikionyesha saa. Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa, ndipo uwasilishe lalamiko kwa Mamlaka ukiambatisha hayo yote. Sentensi ya «mtandao ni mbovu» bila tarehe wala kipimo haichunguziki, na inachelewesha wenye ushahidi. Ukipita kwetu kuomba msaada wa kuliandika, njoo na mkataba, nambari hiyo, picha za vipimo na aina ya ruta kama ilivyoandikwa chini yake. Aliyefungiwa mtandao na fundi aje naye, kwa sababu maswali ya kwanza tutakayouliza yatakuwa ya kebo.