Hii 17 lazima itoke? Tuongee kidogo kuhusu bahati nasibu

Habari zenu wana Mtwara. Mimi nafundisha takwimu chuoni hapa mjini na leo ni zamu yangu kwenye elimu kwa umma. Juzi nilikuwa Newala, hela za mnada wa korosho ndo zimeanza kuingia, mzee mmoja kijiweni akanionesha kaunta buku yake imejaa namba za droo zilizopita, nyingine kazizungushia peni nyekundu. Akaniambia mwanangu, hii 17 haijatoka siku nyingi, lazima itoke.

Mzee wangu shikamoo tena, ila ule mpira wa 17 haujui kama ulikosa droo 40 zilizopita. Kila droo inaanza upya, uwezekano wake ni uleule.

Tupige hesabu. Mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49, kama walioanza nao Uingereza 1994, una michanganyiko 13,983,816. Namba hiyo haiingii kichwani so tuipime kwa korosho. Kilo moja ghafi ina kama punje 200, basi hizo ni tani 70 hivi, magunia ya kilo 80 kama 870. Mwaga zote ghalani, punje moja tu itie wino, halafu mtu afungwe kitambaa machoni aokote moja. Hiyo ndo tiketi yako, ukinunua kumi basi zimetiwa wino punje kumi.

Na hela ya tiketi hairudi yote, kuna ya wakala, ya mwendeshaji, kodi, kinachobaki ndo zawadi. Sio wizi, ndo ilivyoundwa toka mwanzo. Karne ya 15 miji kama Ghent na Bruges, Ubelgiji ya leo, ilichangisha hivi hela za kuta za mji na za maskini. Malkia Elizabeth I wa Uingereza akatangaza ya kwake 1566, droo 1569, tiketi 400,000 za shilingi 10, lengo kutengeneza bandari (watu wa Mtwara mnaielewa hiyo), na mnunuzi akaahidiwa hakamatwi siku saba kwa makosa madogo. Hiyo ilinichekesha, maana hata hivyo tiketi zilidoda. Genoa, Italia, walikuwa wanabeti majina ya madiwani wanaochaguliwa kwa kura ya kuokota, baadaye majina yakawa namba.

Kwetu mchezo halali una leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na chini ya miaka 18 haruhusiwi. Meseji ya umeshinda wakati hukununua tiketi, eti utume elfu ishirini ya kutolea mzigo, futa hapohapo.

Mzee akauliza sasa nichague ipi. Nikamwambia zote sawa, ila wengi wanaweka tarehe za kuzaliwa, so ukishinda na namba zisizozidi 31 huenda mkagawana wengi. Akavuta peni, akakata 17, akaandika 44.