Picha za Vitu kwa Mwanga Uliopo: Ongeza Muda, Usiongeze Taa

Wanaokuja kujifunza katika kitengo chetu cha picha huuliza mapema kabisa wanunue taa gani. Mtu ana kamera, ana glasi na chungu mezani, dirisha liko pembeni, na bado anaamini kuna kifaa kinachokosekana. Kwa picha za vitu vilivyotulia, ushauri wangu ni asinunue taa kwanza. Kitu kisichopumua wala kupepesa macho kinaweza kukaa mbele ya kamera sekunde mbili, kumi, hata dakika nzima bila kusogea, na mwanga hafifu ukipewa muda huo unatosha. Fedha hiyo iende kwenye tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu ya kushikilia kamera.

Fani hii yenyewe ilianzia hapo. Mwaka 1837 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya sanamu za plasta na vitu vingine alivyovipanga katika karakana yake. Mabamba ya kupigia picha ya wakati ule yalipokea mwanga polepole mno, kwa hiyo vitu vilimfaa kuliko watu. Karibu karne moja baadaye mpigapicha Josef Sudek wa Prague, aliyepoteza mkono wa kulia kutokana na Vita Kuu ya Kwanza, alirudi miaka nenda miaka rudi kwenye dirisha la studio yake. Katika picha alizopiga hapo mna glasi ya maji, mayai, vioo vilivyoingia ukungu na matone. Vitu ni vichache na dirisha ni moja. Kinachobadilika ni mwanga, na kazi yake yote imejengwa juu ya mabadiliko hayo.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kamera iliyoachiwa ijiamulie imechagua ISO 3200 (ISO ni kipimo cha usikivu wa kamera kwa mwanga) na kasi ya shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya sehemu 1 ya 60 ya sekunde. Picha itatoka, lakini yenye chengachenga kwenye vivuli, na vivuli ndivyo uhai wa picha ya namna hii. Iweke kwenye tripodi, shusha ISO hadi 100 bila kugusa tundu la lenzi, na muda utakuwa takriban nusu sekunde. Mng'ao wa picha ni uleule, ila sasa vivuli ni safi. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera. Simu nayo hufanya hivyo ikiegemezwa mahali imara. Flashi izimwe kabisa: hupiga kutoka upande wa kamera, hufuta vivuli vilivyolalia pembeni, na ile hali ya chumba iliyokuvutia hutoweka.

Sasa dirisha, ambalo ningependa ulichunguze kwa siku kadhaa kabla ya kubonyeza chochote. Ukisogeza kitu karibu na dirisha, dirisha huwa chanzo kikubwa cha mwanga ukilinganisha na kitu hicho. Mwanga hukizunguka, na kingo za vivuli hulainika. Papo hapo tofauti ya mwanga kati ya kilicho mbele na kilicho nyuma huongezeka, kwa hiyo ukuta wa nyuma unaweza kuzama gizani wenyewe. Ukikisogeza mbali, mwanga hupungua lakini husambaa kwa usawa zaidi, na kingo za vivuli hukaza. Hivyo umbali wa meza kutoka dirishani una kazi kubwa kuliko vifaa vingi vinavyouzwa madukani. Jua likiingia moja kwa moja, pazia jepesi jeupe hulitawanya.

Upande wa kivuli ukiwa mzito kupita kiasi, simamisha karatasi nyeupe mkabala na dirisha. Irudishe nyuma taratibu hadi uone umbo bila kuona karatasi inafanya nini. Wengi huishia hapo, nami nawasihi wajaribu karatasi nyeusi pia. Karatasi nyeusi hunyonya mwanga unaorudi kutoka ukutani, na upande ule wa glasi au chuma hupata ukingo mweusi unaolichora umbo lake. Kwa vitu vinavyong'aa, mimi huanza na nyeusi.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini. Mshumaa uko karibu na 1900, mwanga wa jua la mchana karibu na 5500, na kivuli chini ya anga la buluu hupita 7000. Kamera ikiachiwa irekebishe rangi yenyewe, mara nyingi hujaribu kusafisha umanjano wa mshumaa, yaani hutoa kile kile ulichokifuata. Weka mpangilio wa rangi wa mchana, kisha urekebishe baadaye ukihitaji; ukipiga faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaichakata, hutapoteza kitu. Taa ya dari ikiwaka pamoja na dirisha, utapata chungu chenye upande wa chungwa na upande wa buluu. Wakati mwingine mchanganyiko huo unapendeza. Kama hukuukusudia, zima taa.

Jambo moja huwasumbua hata wenye uzoefu. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera huchukulia kwamba kila mandhari, kwa wastani, ni ya kijivu. Chumba chenye giza kitang'arishwa hadi kifanane na chumba cha kawaida. Tumia kitufe cha kujumlisha na kutoa: anza na kutoa 1, ukiona bado kumepauka toa 2. Weusi ukitawala nusu ya picha, si kosa, mradi sehemu yenye mwanga iwe na maelezo yake kamili.

Lakini usihukumu kwa kutazama skrini peke yake. Ndani ya chumba chenye giza, macho huona skrini inang'aa kuliko ilivyo, na mpigaji hupunguza mwanga zaidi ya alivyotaka. Akifika kwenye kompyuta anakuta picha imezama. Fungua histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha, yenye giza kushoto na weupe kulia. Mlima wake utaegemea kushoto, na katika picha hizi ndivyo inavyotakiwa, ila angalia kama umejibana kwenye ukuta wa kushoto pale ambapo ulitaka kitambaa kionekane uzi wake. Ukiwa umejibana, ongeza muda mara mbili, upige tena kabla jua halijahama dirishani.