Bwawa limejaa, lakini maji yanatosha siku ngapi?

Bwawa la Thiba kule Kirinyaga, lililozinduliwa 2022, linashika mita za ujazo milioni 15.6 hivi. Nikiitaja namba hiyo watu husema, "Basi Mwea wameshiba maji." Mimi huwaomba tuyamwage shambani kwanza, kwa hesabu. Skimu ya kumwagilia mpunga ya Mwea inalengwa kufikia ekari 35,000, yaani mita za mraba milioni 141 na ushee. Ukigawanya, bwawa zima lililojaa pomoni linafunika mashamba hayo kwa kina cha sentimita 11. Maji ya kuvuka kifundo cha mguu tu.

Mpunga nao una kiu. Kwa jua la Mwea, milimita 5 hadi 6 hupaa hewani kila siku. Ule udongo mweusi, unaopasuka kiangazi hadi mkono unaingia, ukishavurugwa hushika maji vizuri, ila bado milimita 2 au 3 huzama chini. Tuseme 8 kwa siku. Sentimita 11 zinakwisha kwa wiki mbili. Nusu ya maji ikipotelea mferejini, inabaki wiki moja, na zao linakaa shambani kama miezi minne.

Bwawa halikujengwa bure. Anayemwagilia Mwea ni mto. Bwawa linaziba pengo mto unapopungua, na ndilo linalowezesha msimu wa pili. Kwa hiyo tunachotafuta ni ukubwa wa pengo hilo, na hupatikana kwa kulinganisha maji ya mto na mahitaji ya shamba kila siku kumi, siyo kwa mwaka mzima.

Upande wa mto, wastani hudanganya. Chukua Februari tano za mfano, mtiririko ukiwa mita za ujazo 2, 2, 3, 3 na 10 kwa sekunde. Wastani ni 4, na miaka minne kati ya mitano hakuna mkulima aliyeiona hiyo 4. Sisi tunaopanga umwagiliaji hupangia kiwango ambacho mto hukifikia au kukipita miaka minne kati ya mitano. Hapa ni 2. Kutoka humo toa kwanza maji ya watu, mifugo na uhai wa mto wenyewe, kama sheria ya maji ya Kenya inavyotaka. Thiba huingia bwawa la Kamburu, penye mitambo ya umeme, kwa hiyo maji tunayochota huku yana mwenyewe kule chini.

Namba hizo zote zinategemea mtu aliyeingia mtoni. Unasimama majini, unashusha kipima-mwendo hadi sehemu sita kati ya kumi za kina, unahesabu mizunguko ya panga lake, unasogea hatua, unarudia mpaka ng'ambo. Ndivyo usomaji wa ubao wa kina, ule wenye alama za vipimo uliosimikwa mtoni, unavyopata maana. Niliwahi kukuta, kwenye mto mwingine, jedwali la kugeuza kina kuwa mtiririko ambalo halikurekebishwa tangu mafuriko makubwa yalipochimba kitako cha mto. Ubao ulionyesha kina kilekile huku maji yanayopita yakiwa mengine kabisa, na miaka ya kumbukumbu ikawa haifai kwa lolote. Iliniuma sana.

Upande wa shamba, watu hudhani kilele ni mpunga ukichanua. Mara nyingi ni kabla mche wa kwanza haujapandikizwa. Kulowesha na kuvuruga udongo hula milimita 200 kwa urahisi. Ekari zote 35,000 zikianza pamoja, hizo ni mita za ujazo milioni 28, karibu mabwawa mawili ya Thiba. Zikianza kwa zamu, eneo baada ya eneo, mto wenyewe hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Kwangu, ratiba ya kulima ni sehemu ya bwawa sawa na ukuta wake.

Ndiyo maana nikifika skimu mpya huomba ratiba hiyo kabla ya michoro, halafu huenda moja kwa moja hadi shamba la mwisho wa mfereji, nikamuulize mwenyewe maji humfikia siku ya ngapi baada ya lango kufunguliwa.