Chenene, fundi wa zumari chini ya tuta

Jioni za masika, maji yakishatandaa kwenye majaruba ya mpunga huko Mombo, husikika mlio mmoja usiokatika ukitoka ardhini. Wengi humsingizia chura. Ukiufuata kwa tochi unanyamaza, nawe unabaki umesimama juu ya tuta huna unachokiona.

Huyo ni chenene. Ni wa ukoo mmoja na nyenje, ila asichanganywe na senene, yule wa kijani anayekaangwa Bukoba. Chenene ni wa kahawia, urefu wake sentimita 3 hivi, na mwili umefunikwa vinyweleo laini kama mahameli. Miguu ya mbele ni mipana, ina meno, nayo ndiyo sepeto yake. Ajabu ni kwamba masikio yake yako kwenye miguu hiyohiyo.

Dume hachimbi shimo la kulala tu. Mdomo wa shimo huuchonga ukapanuka kama zumari, kisha huingia kichwa ndani, mgongo nje, na kusuguanisha mabawa. Hulia kidogo, akachonga, akalia tena mpaka sauti imkubali. Majike wanaopita angani usiku huisikia na kushuka. Udongo ukiwa na unyevu sauti hutoka kwa nguvu zaidi, na ndiyo maana hupenda mabonde, kingo za mito na bustani za mchicha zinazomwagiliwa kila siku.

Mkulima akileta habari ya miche iliyolala kwa kukatwa mizizi na chenene, swali la kwanza huwa maji yamefika wapi. Jaruba likijaa vizuri chenene hawezi kukaa mle. Anajua kuogelea, lakini hukimbilia kwenye matuta. Miche inayokatwa mizizi huwa kandokando ya tuta, au pale shamba lilipoinuka maji yasifike. Kusawazisha shamba husaidia kuliko sumu, ambayo mara nyingi huishia kwenye mfereji wa jirani.

Tena ana maadui wake. Kwarara humdonoa, na kuna nyigu anayemchoma hadi akalegea, akambandika yai mwilini. Baada ya dakika chache chenene huzinduka na kurudi shimoni, amembeba atakayemla.

Ukitaka kuhakikisha kama yumo, changanya vijiko viwili vya sabuni ya maji katika lita 4 za maji, mwaga polepole juu ya tuta, kisha subiri. Kama yumo, atatoka mwenyewe ndani ya dakika chache.