Kireka hadi Namugongo: pale miguu inapogoma

Mimi ni muuguzi, na kila mwisho wa Mei huandamana na mahujaji wa magharibi mwa Kenya wanaovukia Busia kwenda Namugongo, karibu na Kampala, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Siongozi rozari wala sibebi msalaba. Kazi yangu ni miguu. Ukiniuliza msitu wa Mabira unafananaje sitakuwa na mengi ya kukwambia, maana njia nzima macho yangu yako chini, namtafuta anayechechemea. Wagonjwa wangu huniita sista, na watawa tunaotembea nao hucheka sana.

Watu huogopa Mabira, malori yanavyopita karibu na bega. Hofu yangu mimi huanza Kireka. Pale tunaiacha barabara kuu ya Jinja, tunakata kulia kuelekea Kyaliwajjala, na kilichobaki ni mwendo ambao mama wa kijijini kwetu anautembea kwenda sokoni na kurudi kabla ya saa sita. Ndipo hakuna anayesikia la mtu. Nyimbo zinapanda na hatua zinapanda nazo. Aliyekuwa na lengelenge tangu Lugazi analificha. "Sista, si tushafika?" Hatujafika.

Wengi wanaamini lengelenge huletwa na joto la lami. Hapana. Ukikanyaga, mfupa unasonga mbele huku ngozi ya juu imeshikwa na soksi au kiatu. Tabaka za ngozi zinavutana, zinavutana, mwisho zinaachana, na maji yanajaa katikati. Ngozi iliyolowa huachana upesi zaidi, na huko Mei bado ni mvua. Sasa chukua mguu uliokwisha kuvimba kwa siku kadhaa, uuache ndani ya kiatu kile kile ulichonunua kikikukaa sawasawa, kisha ukimbize. Kwenye mteremko vidole vinagonga mbele ya kiatu na kucha zinakuwa nyeusi. Ndiyo maana nasema nunua kiatu kinachopwaya kidogo, ukivae miezi miwili kabla ya safari, na kucha uzikate wiki moja kabla, zikae sawa bila kuzungusha pembeni. Wazee wenye akala zao huwa hawanisumbui sana. Wanaonisumbua ni vijana wenye raba mpya.

Kwa hiyo Kireka tunakaa chini, kila mtu anavua viatu. Lengelenge dogo lisilouma naliacha, nalifunika tu. Lililojaa na kuuma naliosha kwa sabuni, napitisha sindano kwenye moto wa spiriti, nalitoboa pembeni upande wa chini, maji yanatoka, na ile ngozi ya juu siichuni hata kidogo, maana ndiyo bendeji bora kuliko zote nilizobeba. Mwenye kisukari simtoboi. Na wanaolalamika kizunguzungu wakati wamekunywa maji chupa baada ya chupa, nawapa lita moja yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Jasho limetoa chumvi, maji matupu hayairudishi.

Hapo manung'uniko huanza: mashahidi walitembea na minyororo, sisi tunasimama kwa ajili ya soksi! Basi huwasimulia habari za Gonzaga Gonza, mmoja wa mashahidi hao. Mei 1886 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alitoa hukumu Munyonyo, na vijana Wakristo wa ikulu wakaswagwa kwa miguu hadi Namugongo wakiwa wamefungwa. Masimulizi yanasema minyororo ilimkata Gonza miguu hadi akashindwa kwenda, akaanguka njiani, akachomwa mkuki Mei 27. Karoli Lwanga, kiongozi wao, na wenzake walifika, wakawekwa wiki nzima wakisubiri kuni, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto. Gonza hakufika Namugongo, na ni mtakatifu sawa na wao. Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki wote 22 kuwa watakatifu kwa pamoja, mwaka 1964. Nikimaliza huwa kimya kidogo, halafu soksi zinavuliwa.

Mwaka mmoja mama mmoja wa makamo, mwenye sukari, alikataa kabisa. "Mwanangu, mimi siumwi popote." Sentensi hiyo ndiyo inayonitisha kuliko kilio. Nikamwomba, "Mama, nionyeshe tu." Alipovua sandali ya kushoto, kijiwe kama punje ya mahindi kilikuwa kimejikita chini ya kidole gumba, kimechimba shimo jekundu, na plastiki imeteleza kwa damu. Hakuwa na habari. Sukari ilikuwa imeua hisia za unyayo. Nilisafisha, nikafunga, nikamwambia atapanda bodaboda hadi lango la basilika. Alinitazama kama niliyemfukuza kanisani.

Alipanda. Tulimkuta baadaye nje ya basilika, ile ya nguzo 22 za shaba iliyoiga nyumba ya Kiganda, yenye altare palipochomewa Lwanga. Alikuwa kwenye nyasi, mguu wa kushoto juu ya dumu la lita tano alilokuwa amekwisha kujaza maji ya ziwa dogo la pale pale, akimwelekeza kijana asiyemjua njia ya kwenda upande wa Waanglikana, wenye mashahidi wao 23. Watu walipita wakimruka miguu. Alinipungia mkono nikae.

"Leta na huu wa kulia," akasema, "uuangalie."