Ndoto ya chuo haingoji mkeka wa matokeo ya kidato cha nne

Nilikuwa naandika ubaoni sifa za kujiunga na udaktari, chaki bado mkononi, mwenzangu akachungulia dirishani na kucheka: “Ticha, kidato cha pili hawa unawapeleka chuo leo? Si wajue kwanza kuandika barua!” Alikuwa ananitania. Lakini utani wake ndio msimamo wa walimu wengi na wazazi wengi, na kibaya zaidi, wa watoto wenyewe. Nafundisha shule ya kata hapa Tanzania. Maneno ninayoyasikia kila mwaka ni haya, nami nayajibu hivi.

Dhana: Bado wadogo. Wafaulu kwanza, chuo baadaye

Kwa miaka mingi utaratibu wetu umemruhusu mwanafunzi aliyevuka upimaji wa kidato cha pili kuacha fizikia na kemia anapoingia cha tatu. Huziacha kama anayetua mzigo wa kuni. Mmoja anamfuata rafiki yake. Mwingine hajamwona mwalimu wa fizikia tangu Machi. Ana miaka 15, na hakuna aliyemwambia kwamba shahada ya udaktari inadai fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha sita, zote tatu, kila moja kwa alama isiyopungua D. Wala hajui kwamba stashahada (diploma) ya utabibu, ambayo mtu huisoma moja kwa moja baada ya kidato cha nne, nayo inataka masomo hayo hayo matatu kwenye cheti.

Kwa hiyo mtoto aliyeipiga chini fizikia amezifunga njia zote mbili, na ukimuuliza bado anakwambia anataka kuwa daktari. Niliwahi kuwa na binti wa namna hiyo kidato cha nne, wa kwanza darasani, anasoma masomo ya sanaa tupu. Nilikosa pa kuweka uso. Ningeweza kusema mimi sikumfundisha cha pili, lakini waliomfundisha si tunakunywa nao chai ofisi moja?

Na saa ya kuchagua inazidi kurudi nyuma. Mitaala mipya iliyoanza kutumika 2024 imeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi na kazi za mikono, na huo unaanzia kidato cha kwanza.

Dhana: Asiyekwenda kidato cha tano, chuo kikuu asahau

Bibi zetu wa pwani wakisema mtoto yuko chuoni walimaanisha madrasa, na chuo chenyewe kwa Kiswahili cha zamani ni kitabu. Leo mwanafunzi wangu akisema “chuo” anaweza kuwa anasema VETA ya ufundi stadi, ualimu au Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vyote kapu moja. Ndiyo maana mkeka ukitoka, asiyefikisha C tatu za kwenda kidato cha tano hujihesabu amekwisha.

Ngazi ya kidato cha sita ipo, na sharti lake la chini kwa kawaida ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi, ule mchanganyiko wa masomo anaosomea kidato cha tano na sita, yenye jumla ya pointi nne, A ikiwa pointi tano na E moja. Lakini ipo na ya pembeni: astashahada (cheti cha chuo), kisha stashahada, na mwenye stashahada yenye GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 anaweza kuomba chuo kikuu, alimradi cheti chake cha kidato cha nne kina ufaulu wa masomo manne. Baadhi ya kozi huongeza masharti yake, kwa hiyo mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, usomwe wenyewe, usisimuliwe. Kwa mtoto anayefungua kila redio iliyoharibika pale nyumbani, naona ngazi hii ya pembeni ni bora zaidi. Akipitia DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, au Chuo cha Ufundi Arusha, atafika kwenye shahada ya uhandisi ameshashika spana. Na mwenye kazi au mwenye familia anacho Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992 kwa ajili ya watu wa aina yake.

Dhana: Chuo ni cha wenye pesa

Hili silipuuzi, maana pesa ni pesa. Ila tuseme yote. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali iliondolewa 2016, na ya cha tano na sita 2022. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, inakopesha ada na lile bumu la chakula na malazi, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeanza kuwafikia baadhi ya wanafunzi wa stashahada pia. Si kila anayeomba anapata, na anayepata huenda asipate yote. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Ni mkopo, si sadaka, na watoto waambiwe hivyo mapema.

Kinachonikera mimi ni majina. Maombi ya mkopo yanadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Sasa mtoto huyu kliniki aliandikwa Juma Hamisi, darasa la kwanza akapelekwa na mjomba aliyemwandikisha kwa jina lake yeye mjomba, na mwalimu mmoja akaongeza herufi a kwenye Juma. Miaka inapita, hakuna anayejali, halafu wiki ya mwisho ya maombi kijana yuko kwa mwanasheria anatafuta kiapo. Siku hizi kidato cha pili wangu wote huleta nakala ya cheti cha kuzaliwa, tunalinganisha na rejista, na asiyekuwa nacho namwandikia barua mzazi. Sijui kama kazi hii inaitwa kuhamasisha, lakini naifanya.

Dhana: Shule yenyewe yeboyebo, chuo kitatoka wapi?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianza kwa kuazima. Oktoba 1961, nchi bado haijapata uhuru, kilifunguliwa ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Mlimani walihamia baadaye. Watoto wangu huipenda hii habari kuliko nasaha yoyote.

Wengi wao hujiona hawana akili kwa sababu ya Kiingereza tu. Miaka saba wamesoma kwa Kiswahili, mwezi wa kwanza sekondari kila kitu kimegeuka, na aliyekuwa mwepesi wa kunyoosha kidole anakuwa bubu. Nawaambia wazi kuwa hiyo ni lugha, haijapima kichwa cha mtu.

Na binti aliyepata mtoto? Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi darasani. Anayemwambia safari yake imekwisha anasema yake mwenyewe.

Dhana: Wasomi wamejaa mtaani, ni kuwadanganya tu

Kweli wamo, wengine wanaendesha bodaboda, na simwahidi mtoto ajira. Ila nimegundua kwamba hoja hii hutolewa zaidi kwa watoto wa wengine. Anayeitoa, wa kwake yuko kwenye tuisheni.

Dhana: Kuhamasisha ni kumleta mgeni rasmi

Mgeni anakuja na suti, anasema mtu hafiki popote bila juhudi, tunapiga makofi, anaondoka. Mwaka jana alikuja kijana wetu wa zamani kuchukua cheti chake, yuko mwaka wa pili stashahada ya utabibu. Nikamvuta darasani kabla hajapanda daladala. Hakuwa na hotuba, wakamvamia kwa maswali. Nani anawaamsha? Simu mnaruhusiwa? Sare je? Ugali upo? Ukifeli somo moja unafukuzwa? Akajibu yote, hata lile la kwamba muhula wa kwanza alilia.

Swali la mwisho lilitoka nyuma kabisa, kwa mvulana aliyekuwa ameshaniambia kwamba mwakani anaacha kemia.

“Kaka, wewe kemia ulipata ngapi?”

“D.”

Darasa zima likacheka. Yule mvulana hakucheka, aliinama, akaandika.