Raba fupi: soli nyembamba naisamehe, kubana siwezi

Kazi yangu ni kutengeneza na kukarabati viatu. Mtu akiniletea raba fupi, hata kabla hajanieleza shida, natia mkono ndani. Bitana ya kisigino ikiwa imelika, najua kiatu kinampwaya nyuma. Kitambaa kikiwa kimetoboka juu ya kidole gumba, kinambana mbele. Kwa wanawake, mara nyingi nayakuta yote mawili kwenye kiatu kimoja.

Miguu mingi ya kike ni mipana mbele na myembamba kisigino. Raba fupi nayo huishia chini ya kifundo, hivyo kinachoushika mguu ni kamba na kisigino tu. Mvaaji akiona kinachomoka nyuma, anashuka saizi. Kisigino kinatulia, vidole ndivyo vinavyoumia, na kama kifupa cha pembeni mwa kidole gumba kimeshaanza kutokeza, kitauma zaidi.

Mimi hushauri kinyume chake: chagua saizi kwa vidole, kisigino kifunge kwa kamba. Raba nyingi zina tundu la ziada juu kabisa, limesogea nyuma kidogo, na wengi hawalitumii. Ingiza kamba humo upande ule ule ili ibaki kitanzi, fanya hivyo pande zote mbili, kisha pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta, funga. Mbele acha kama sentimita 1 kutoka kidole kirefu kuliko vyote. Kwa wengine ni cha pili, si gumba. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na ufuate mguu ulio mkubwa.

Urembo naupenda kwa dhati. Raba ya turubai kama Converse, yenye soli bapa, inakaa vizuri sana na gauni, na sitamwambia mtu aiache. Kama siku yako si ya kusimama kutwa, soli nyembamba inavumilika, na kiatu kikiwa na nafasi unaweza kuongeza soli laini ya ndani. Upana ukikosekana, mimi fundi sina cha kuongeza. Ngozi halisi huachia kidogo kwa upana, kamwe si kwa urefu. Ngozi bandia haiachii kitu cha maana.

Soli nene zinawadanganya wengi, kwa sababu unene si ulaini. Shika ncha na kisigino, ukunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati ni dhaifu, kikikataa kabisa utachoka mapema. Soli ikipanda sana, kifundo nacho huteguka kwa urahisi zaidi.

Mwisho papasa ndani kwa vidole vya mkono, pale kiatu kinapokunjika. Mshono mgumu ukipita juu ya kidole kidogo, kirudishe rafuni, hata kama rangi yake ndiyo uliyokuwa ukiitafuta.